Krismasi: kushuka Pirates ama kupika na kugawa sahani?

Kwetu Kisauni, Mombasa, kila Desemba ubishi ni huo huo, watoto wanataka ufuo wa Pirates, mama anataka tukae tupike. Pirates raha iko, sikatai: bahari ya bure, ngamia, tyubu za kukodi, viazi karai na ukwaju. Lakini tarehe 25 ni nyomi, matatu zimepandisha nauli, na kazi yako wewe mzazi ni kuhesabu vichwa majini tu, saa kumi na moja mumechoka na mchanga mpaka masikioni.

Kupika nako ni mambo mengine. Usiku wa 24 twajazana jikoni, mdogo anasukuma chapati zinatoka kama ramani ya Afrika, mkubwa anapindua, stori zinapigwa mpaka makaa yanaisha. Asubuhi tukitoka kanisani watoto wanabeba sahani zimefunikwa hadi kwa majirani, wengi Waislamu, hao hao hutuletea biriani Idi. Na sahani hairudi tupu bana, mwaka jana yetu ilirudi na kaimati za moto, hazikufika hata mezani.

Mimi niko upande wa sahani. Pirates tutashuka tarehe 27, nauli zikitulia.