WhatsApp Business kwa mpishi mgeni Dar: inashika wateja, haiwaleti

Ukiwa umetoka Lubumbashi, Bujumbura au Addis Ababa na unauza chakula cha kwenu hapa Dar, wateja wa kwanza hawatoki kwenye simu. Wanatoka kanisani, msikitini, kwenye mchezo wa kina mama wa kuchangiana pesa, na kwa yule mwenzenu aliyekupokea stendi ya Magufuli. Hao ndio husamehe chumvi ikizidi na kulitaja jina lako kwa wengine. WhatsApp Business ni daftari la kuwashika wasipotee, na kwa kazi hiyo inastahili alama za juu kabisa. Kwa kutafuta wateja wapya ni dhaifu.

Programu ni ya bure. Namba moja haikai humo na kwenye WhatsApp ya kawaida kwa wakati mmoja, kwa hiyo tenga laini ya biashara. Hapa wengi huumia: laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha rafiki kwa kuwa kibali kilikuwa bado hakijatoka. Simu ikiibiwa, anayeweza kuirudisha namba ni rafiki huyo, na mkigombana biashara nzima imeondoka naye. Sajili kwa hati zako mwenyewe, kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu 6.

Katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako yenye picha na bei, ndiyo sehemu bora kuliko zote. Inabeba hadi bidhaa 500, ingawa mpishi zinamtosha 8. Kinachoamua ni majina. Ukiandika "sombe" peke yake, Mkongo mwenzako ataelewa lakini jirani Mzaramo atapita. Andika "Sombe: kisamvu cha Kikongo, kina mawese", na hapo hapo ameshajua anachokula. Kwanga: "mhogo uliochachushwa, ukafungwa kwenye majani na kupikwa". Injera: "mkate mwembamba wa teff (nafaka ya Ethiopia), laini, mchachu kidogo". Picha nayo ina kazi yake. Sombe ndani ya sufuria nyeusi inaonekana kama tope. Ipakue kwenye sahani nyeupe, karibu na dirisha, asubuhi, bila flashi, na kipande cha samaki pembeni ili ukubwa uonekane. Taja kipimo pamoja na bei, maana bei isiyo na kipimo huzaa ubishi mlangoni.

Brodkasti, yaani kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mpigo, ndiyo inayokatisha watu tamaa. Orodha moja hubeba watu 256, lakini ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Muuzaji anatuma kwa 200, wanajibu wachache, anadhani chakula chake hakipendwi, kumbe ujumbe haukufika. Mwombe mteja ahifadhi namba siku ya oda ya kwanza, na ubandike jina na namba kwenye kila kifurushi. Kuwatumia watu wasiokujua ni hatari: wakibonyeza kuripoti, namba inaweza kufungiwa.

Malipo yaende Lipa Namba. Usifungashe kwa sababu ya picha ya muamala wala meseji, maana za kughushi zimejaa mjini. Fungua salio uone. Kisha badilisha lebo, ile alama unayoweka kwenye mazungumzo ya mteja, kutoka "bado kulipa" kwenda "kalipa", la sivyo saa sita mchana utapeleka mzigo wa mtu ambaye hajalipa. Kwa bodaboda, omba mteja atume pini ya mahali alipo pamoja na alama ya mtaani. Ile ya kufuatilia moja kwa moja huisha muda, dereva akabaki anazunguka Sinza chakula kikipoa.

Kuna jambo ambalo hakuna programu itakayokufanyia. Amri ya mwaka 2025 inawazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo saluni, ufundi simu, uwakala wa pesa na sehemu kubwa ya jumla na rejareja. Kwa hiyo uliza ofisi ya biashara ya manispaa kabla ya kutangaza chochote.

Grupu la wananchi wenzako lisigeuzwe soko la kila siku. Tangazo moja Alhamisi kwa oda za Jumamosi linatosha. Anayekuvusha nje ya watu wa kwenu ni mteja Mtanzania mmoja wa ofisini Posta, anayetupa linki ya katalogi yako kwenye grupu la kazini kwao. Huyo mwekee kwanga moja ya ziada kwenye mfuko.