Magofu ya Sisilia kwa Baiskeli: Siku Saba Nzuri na Dakika 45 za Kero

Haya jamani, karibuni tena. Leo siweki muziki wa mwanzo, nina hasira na nataka muipate ingali ya moto.

Tazama saa hapo kwenye kona ya picha. Saa nne na dakika kumi asubuhi, tunaegesha baiskeli nje ya Villa Romana del Casale. Saa tano kasoro dakika tano mwongozaji anapuliza filimbi. Filimbi! Kama tuko mchakamchaka. Dakika 45 kwa jumba la Kirumi lenye sakafu ya mozaiki, yaani picha za vijiwe vya rangi, zaidi ya mita za mraba 3,000. Na siku hiyohiyo chakula cha mchana kilikula muda wa saa mbili na nusu. Ngoja, nitarudi hapo.

Kwa aliyeingia sasa hivi: nimetoka Sisilia, kusini mwa Italia. Safari ya kuongozwa, siku saba, kuanzia Segesta kule magharibi mpaka Siracusa. Jina la kampuni silitaji, maana bado tunaandikiana barua pepe za fidia. Kwa nini Sisilia na si Ugiriki kwenyewe? Kwa sababu Wagiriki walijenga hapa, Warumi wakaja juu yao, na wewe unalipa nauli moja. Ile safari ya Peloponnese, kusini mwa Ugiriki, niliitamani, Mykene na Epidauros zote zimo, ila kwa bei ile ningeuza na kamera. Na wanaonikumbusha ile video yangu ya Via Appia, barabara ya kale ya Warumi pale Roma, ndiyo, mawe yale yalinitikisa hadi meno. Sirudii.

Baiskeli sasa. Breki, gia, matairi, hayo mnayajua, nayaruka. Nataka kuwaonyesha mota. Mwaka jana nilisema hapahapa kwamba baiskeli ya umeme ni ya wastaafu. Klipu hii sijaikata popote. Kilima kabla ya Segesta, jua la saa sita. Usiangalie uso wangu, angalia goti. Hapa mota imezimwa, nasukuma chuma cha kama kilo 25 na mimi juu yake. Goti linapanda kama mtu anavuta ndoo kisimani. Sasa, kidole gumba, kitufe, ngazi ya kwanza. Umeona? Kidogo tu. Ngazi ya pili. Ya tatu... sikiliza pumzi yangu, naanza kuongea! Ni kama kile kiganja cha mjomba mgongoni siku unafundishwa baiskeli, tofauti yake huyu mjomba hakuachii uingie mtaroni. Na haikuendeshi, elewa. Ukiacha kukanyaga, nayo inaacha.

Ila tambarare, balaa. Sheria za Ulaya zinataka mota isiyozidi wati 250, na ukifika kilomita 25 kwa saa inakata msaada. Unahisi umekanyaga ulimbo. Siku ya tatu nilishaanza kuitukana tena. Kwa hiyo msimamo wangu ni upi? Kilimani naipenda. Kwengineko tusalimiane tu.

Segesta yenyewe: hekalu la nguzo 36, halina paa, halikumalizwa. Kwenye mawe ya ngazi kuna vinundu vimebaki, vya kushikia kamba wakati wa kunyanyua. Fundi alitakiwa avichonge mwishoni, mwisho haukufika.

Kesho yake ndiyo siku inayonifanya niwasamehe watu wote, hadi mwenye filimbi. Mahali panaitwa Cave di Cusa. Ni machimbo ya mawe katikati ya mizeituni, na tulipofika hapakuwa na basi hata moja. Watu wa Selinunte, mji wa kale wa Wagiriki, walikuwa wanachonga hapa vipande vya nguzo za mahekalu yao. Mwaka 409 KK jeshi la Karthago, dola ya Afrika Kaskazini, likaja, kazi ikasimama, na mawe yako vilevile mpaka leo. Kuna vipande vimeshachongwa mviringo kamili lakini chini bado vimeshikana na mwamba, kama keki ambayo haijatoka kwenye sufuria. Hapa nimeingia kwenye ule mfereji unaozunguka jiwe. Mabega yangu yanagusa huku na huku. Yaani mchongaji alifanya kazi akiwa amesimama humu, siku nzima, nafasi ya mtu mmoja. Alama za patasi hizi hapa, usawa wa pua yangu, mistari mistari kama imepita mbuzi ya kukunia nazi. Pitisha kidole, bado inaparua.

Halafu unapanda baiskeli unakwenda Selinunte, kilomita kumi na ushee, mwendo ambao mawe hayo ya tani na tani yalikuwa yasafirishwe. Kila mwinuko ulikuwa unaniuma kwa niaba yao. Mtu wa basi hapa analala, kichwa kiko dirishani.

Agrigento, haraka: hekalu la Concordia limesimama vizuri kwa sababu liligeuzwa kanisa karne ya 6. Watu wengi, picha nyingi, twende.

Sasa Casale. Jumba la karne ya 4. Kuna ukumbi mrefu kupita mita 60, sakafu yote ni uwindaji: wanyama wanakamatwa Afrika na kupakiwa melini wapelekwe kwenye viwanja vya Roma. Kifaru anavutwa kwa kamba. Mtu kamkumbatia mbuni kifuani, anapanda naye ubao wa meli. Nimesimama pale, mimi mtoto wa Tanga, namtazama mbuni wa watu, naanza kuhesabu rangi za vijiwe kwenye manyoya... filimbi. Wale mabinti wa mazoezi waliovaa vipande viwili, picha maarufu kuliko zote humo ndani, nimewaona kwenye kadi ya posta dukani. Nimeinunua. Hii hapa.

Bei: yuro 1,950, bila ndege. Na viingilio vya magofu havimo! Safari inaitwa ya magofu, viingilio havimo, mvinyo umo. Mimi sinywi, punguzo sikupata. Mlio nyumbani Tanzania na Kenya, ongezeni yuro 90 za ombi la viza ya Schengen, na ukikataliwa hazirudi. Shilingi zidisheni wenyewe, mimi nimeogopa.

Ningerudi? Kukodi baiskeli ileile na kwenda peke yangu, ndiyo, tena kesho. Kwa filimbi, hapana.

Maikrofoni mpya imefika, asanteni mliochangia, na tuijaribu sasa. Siracusa kuna pango kwenye machimbo ya kale linaloitwa Sikio la Dionysius, linavumisha hata mlio mdogo. Jina alilipa mchoraji Caravaggio. Kwenye machimbo ya mji huo ndiko walikofungiwa mateka wa Athene mwaka 413 KK, maelfu yao, kwa miezi. Mimi niko mwisho wa pango, simu iko mlangoni, na nachana risiti ya ule mvinyo nisiounywa. Vaeni spika za masikio. Nanyamaza.