LipSync kwenye simu na tableti: kifaa kizuri, kazi iko kwenye kukifunga

LipSync ni kipanya cha mdomoni. Mtumiaji anashika kijiti kwa midomo, anakisukuma milimita chache tu, na kishale kinatembea kwenye skrini. Kijiti kina tundu: ukipuliza kidogo umebofya kushoto, ukivuta pumzi kidogo umebofya kulia. Kimetoka Kanada, kwa shirika la Neil Squire, na michoro yake iko wazi kwa kila mtu. Sehemu za plastiki zinachapwa kwa printa ya 3D, na fundi anayejua kuchomelea waya kwenye sakiti anaweza kukiunda mwenyewe.

Kama kifaa, hatuna ugomvi nacho. Kikiishia kabatini, mara nyingi kosa ni la stendi au la mipangilio ya simu.

Anza na mkono wa kukishikilia, kabla hata simu haijawashwa. Kinafungwa kwa skurubu ya robo inchi, ileile ya stendi za kamera, kwa hiyo mikono ya kuchagua ni mingi. Epuka ile yenye shingo ndefu inayopindapinda. Inavutia kwa urahisi wake, ila kijiti kikisukumwa nayo inayumba, kishale kinachelewa, na mtumiaji anajikuta anakifuata kwa shingo. Dakika ishirini za namna hiyo zinatosha kumchosha. Chukua mkono wenye viungo vinavyokazwa kabisa, na kibano cha kushika bomba la kiti cha magurudumu. Mabomba mengi yana kipenyo cha milimita 22 au 25. Pima kwanza, maana kibano kikubwa kupita kiasi kitazunguka hata ukikaze vipi.

Ncha ya kijiti ikae usawa wa midomo, kama sentimita moja mbele yake. Pima mtumiaji akiwa amekaa anavyokaa alasiri mwili ukiwa umeshuka, si anavyokaa asubuhi mara tu baada ya kuegemezwa vizuri. Aifikie bila kuchomoza kidevu, na aweze kuiacha kwa kugeuza uso kidogo. Hilo la kuiacha si la starehe: mtu akikohoa au akitapika, kusiwe na kitu mbele ya mdomo asichoweza kukikwepa. Ukishapata mahali pake, bandika utepe wa rangi kwenye kila kiungo ili mhudumu yeyote akirudishe palepale.

Umeme una mtego wake. LipSync haina betri ya ndani. Hata ukiiunganisha kwa Bluetooth, bado inahitaji umeme wa USB. Watu huichomeka kwenye pawabenki, na baada ya muda mfupi inazima. Haijaharibika. Kifaa kinakula umeme kidogo mno, nazo pawabenki nyingi hudhani hakuna kinachochajiwa, zikajizima. Tafuta yenye hali ya umeme mdogo, au chukua umeme kwenye tundu la USB la kiti, kama lipo. Unapokichomeka, mdomo uwe mbali na kijiti. Kikiwaka kinajipima katikati pale kijiti kilipo, na ukikigusa wakati huo kishale kitateleza upande mmoja peke yake. Dawa yake ni kukipima upya.

Kwenye iPhone, kishale hakionekani mpaka uwashe AssistiveTouch, kipengele cha Apple chenye menyu ya kwenye skrini: ingia Settings, Accessibility, Touch, kisha AssistiveTouch, halafu Devices. Uwezo huu ulikuja na iOS 13 mwaka 2019. iPad zenye iPadOS 13.4 na kuendelea zinapokea kipanya bila hiyo, lakini iwashe tu, kwa sababu menyu yake ndiyo inayompa mtumiaji njia ya kwenda mwanzo, kuongeza sauti na kufunga skrini. Mbofyo wa kulia upangie kufungua menyu hiyo. Ukitumia kebo, nenda pia kwenye Face ID & Passcode (kwenye iOS mpya, Privacy & Security kisha Wired Accessories) uruhusu vifaa vya nje simu ikiwa imefungwa; usipofanya hivyo, simu ikikaa imefungwa zaidi ya saa moja inaweza kukataa kebo, na mtumiaji atabaki nje ya simu yake mwenyewe.

Android ni nyepesi zaidi. Oanisha kwa Bluetooth, kishale kinatokea. Kwenye simu nyingi mbofyo wa kulia unarudisha nyuma, na hilo ni zawadi. Kuza kishale kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility) na punguza kasi yake mpaka mtumiaji aweze kutua juu ya herufi moja ya kibodi bila kuipita. Ipo pia njia ya kubofya kiotomatiki kishale kikitulia, lakini usiiwashe pamoja na pulizo, utapata mibofyo miwili kila mara.

Kinachochukua siku kuzoea ni kutelezesha. Unapuliza kwa muda mrefu kidogo, kishale kinashika. Unasukuma kijiti, kisha unapuliza kifupi kuachia. Kushuka kwenye ukurasa ni kuvuta kwa muda mrefu, halafu kusukuma juu au chini. Wanaoanza hupuliza kutoka kifuani mpaka kizunguzungu. Pumzi itoke mashavuni, kama mtu anayetema mbegu. Mwenye mapafu dhaifu apunguziwe kiwango cha shinikizo kinachotosha kubofya, ila kikishuka sana hata kupumua kutabofya.

Pulizo likidhoofika ilhali kishale kinatembea vizuri, tazama kichujio kilicho kwenye njia ya pumzi kabla ya kulaumu kihisi cha pumzi: kimelowa mate. Kibadilishe. Usikioshe. Kipande cha mdomoni ndicho cha kuosha, kila siku, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikauke kabisa kabla ya kurudi. Tone moja likibaki ndani linaziba hewa kama kichujio kibovu.

Kwa ujumbe mrefu, acha kibodi. Gboard, programu ya kibodi ya Google, inaandika Kiswahili kwa sauti, kijiti kibaki cha kubofya na kusahihisha. Kwa michezo ya kidijitali tungependekeza QuadStick, kifaa kingine cha mdomoni, chenye matundu zaidi ya moja. Na kwa asiyeweza kufumba midomo ikabana kijiti, hiki si kifaa chake. Atafute cha kufuata kichwa.