Bustani ya mvua eneo la Kisasa, Dodoma: kazi nzuri, isipokuwa mlango wa maji

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hukaribia milimita 600 tu. Lakini zikishuka, hushuka kwa kishindo. Hapa kwangu Kisasa, maji ya bati yalikuwa yakiuchimba ua na kubeba udongo mwekundu hadi barabarani. Novemba mwaka jana niliwapa kazi watu wa kitalu kimoja cha miche wanitengenezee bustani ya mvua, yaani shimo la kina kifupi linalopokea maji ya paa ili yanywewe na ardhi.

Kilichonipa imani ni kwamba fundi hakuanza na miche. Alichimba kishimo cha futi moja, akakijaza maji mara mbili, akachomeka kijiti alichokichora alama kwa kisu, akaketi kukitazama. Alinieleza kuwa maji yakituama zaidi ya siku mbili, mizizi hukosa hewa na mbu hupata pa kuzalia. Yetu yalikuwa yamekauka kabla ya alasiri. Ndipo akapima zaidi ya mita tatu kutoka kwenye msingi wa nyumba na kuanza kuchimba.

Shimo lina mita nne kwa tatu na kina cha sentimita 20, kwa hiyo hubeba lita 2,400, ambazo ndizo zinazotoka kwenye paa langu la mita za mraba 80 mvua ya milimita 30 inaponyesha. Chini walipanda ukoka, unaostahimili mafuriko na kiangazi vilevile. Kwenye kingo kavu wakapanda mishubiri na mikonge pori. Niliomba maua ya kigeni, wakanikatalia kwa adabu kwa sababu yangetaka kumwagiliwa kila siku, nami nawashukuru.

Kasoro yao ni moja, nayo si ndogo: hawakuacha mlango wa kutolea maji yanayozidi. Januari ilinyesha usiku kucha, ukingo wa chini ukabomoka na sehemu ya ukoka ikasombwa. Walirudi wakapanga mawe vizuri sana, lakini walinitoza ujira upya kwa kosa lao wenyewe, jambo ambalo sikuliafiki. Atakayewaita audai mlango huo kabla ya kulipa.

Sasa ni Agosti. Sijamwagilia tangu Mei, na mishubiri imeanza kutoa machipukizi pembeni mwa mawe yale.