Submariner ya fundi wa meli: pesa inakwenda wapi hasa?

Nianze na jibu, maana najua wengi mnalitafuta hilo tu. Saa ya mkononi ya wazamiaji, Rolex Submariner isiyo na tarehe, ile modeli namba 124060, inastahili bei yake kama umeinunua kwa bei halali ya duka rasmi, na kama pesa yenyewe haikuwa na kazi nyingine inayoisubiri. Ukilipa bei ya walanguzi, haistahili. Ukikopa ili uinunue, mimi usiniulize kitu.

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa injini kwenye meli za mizigo. Mshahara wetu ni wa dola, na ukiwa katikati ya bahari huna pa kuutumia, kwa hiyo unarundikana. Ndiyo maana mabaharia wengi ni wagonjwa wa saa. Meli ikikaribia Singapore, nusu ya mazungumzo ya mezani ni nani anakwenda duka gani. Nami niliambukizwa humo humo.

Modeli hii ilitoka Septemba 2020. Bei yake rasmi Marekani ilikuwa dola 8,100, na kwa dola ya wakati ule hiyo ni kama shilingi milioni 18 na nusu. Leo imevuka dola 9,000. Mke wangu alipoiona aliigeuza geuza, akaniuliza swali moja tu: "Inaonyesha saa tofauti na ile ya ukutani?"

Haionyeshi. Na tukitaka kusema kweli, saa ya betri ya bei ya chini inaweza kuishinda. Kiwanda cha Rolex kinaahidi kwamba saa yake haitatangulia wala kuchelewa zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Ahadi hiyo ni kubwa kwa mashine ya springi na magurudumu, na yangu inaitimiza bila wasiwasi. Lakini piga hesabu: sekunde 2 kwa siku ni dakika nzima kwa mwezi. Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyoanza kuuzwa 1989 na ambayo kila mtu ameshaivaa au kuiona kwa shemeji yake, inaahidi sekunde 30 kwa mwezi. Sababu yake ni rahisi kwa mtu wa mitambo. Ndani ya Casio kuna kipande cha jiwe la kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Ndani ya Submariner kuna gurudumu dogo la mizani linalopiga mara 8 kwa sekunde. Hapo hakuna ushindani. Vita hiyo iliisha tangu Seiko walipoleta saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi, Desemba 1969.

Basi kazini navaa nini? Navaa Casio. Chumba cha injini kina mashine zinazozunguka, kina bodi za umeme wa volti 440, na mtu mwenye akili havai cheni ya chuma mkononi akiinamia vitu hivyo. Wakati wa zamu, saa niliyoinunua kwa sababu ni "saa ya kazi" imelala droo ya kabati la chumbani kwangu. Inakaa na mwendo kwa saa 70 hivi bila kuvaliwa, kisha inasimama, na nikiitaka tena naijaza na kuirekebisha. Wanaoitangaza wanakuonyesha mzamiaji na mawimbi. Mzamiaji wa leo anategemea kompyuta ya mkononi, na fundi wa meli anategemea plastiki.

Sasa mazuri yake, maana yapo, na mengine huyaelewi mpaka uishi nayo.

La kwanza kwangu ni kufuli ya cheni. Wengi husifia uso, mimi nasifia kufuli. Ndani yake kuna reli yenye meno, unaisogeza kwa hatua za milimita 2 bila kifaa chochote, na inaweza kuongeza urefu wa cheni kwa karibu milimita 20. Ukiwa Rotterdam kwenye baridi mkono unasinyaa, ukishuka Tanga mwezi wa pili mkono unavimba kwa joto. Saa nyingi za cheni nilizowahi kuvaa zilikuwa ama zinanibana ama zinateleza hadi kwenye kiganja. Hii nairekebisha nikiwa nimesimama kwenye foleni ya uhamiaji. Na inavyofunga, jinsi chuma kinavyokutana na chuma bila kutikisika, ni kazi ambayo fundi yeyote anayechonga vyuma ataitazama mara mbili. Ukiniuliza milioni zilikwenda wapi, sehemu yake kubwa naiona hapo.

La pili ni utulivu mbele ya sumaku. Saa za zamani za ufunguo zikikaribia jenereta au hata spika kubwa zilikuwa zinaanza wazimu, mara zinakimbia, mara zinasimama. Springi nyembamba ya ndani ya hii imetengenezwa kwa mchanganyiko wa metali za niobi na zirkoni, na sumaku haina la kufanya nayo. Hata siku ninazopita nayo karibu na mashine sina wasiwasi.

La tatu, usomaji. Uso hauna namba, una vidoti na vijiti na pembetatu moja juu. Kwetu sisi hili ni raha: mshale mfupi ukiwa pale ambapo wengine wangeandika 9, mimi naona saa tatu, na hakuna namba inayonibishia. Gizani hutoa mwanga wa bluu unaodumu hadi alfajiri. Pete ya kauri inayozunguka kioo haichujuki kwa jua, nami huitumia kupima dakika za wali kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu chuma, hapo nina maneno. Rolex wanajivunia kutumia chuma cha 904L, wakati watengenezaji wengi wanatumia 316L. Ni kweli 904L ni bora: kilibuniwa kwa ajili ya kustahimili asidi ya salfuriki, huko kwenye mitambo ya kemikali. Lakini 316L tunaifunga melini, inapigwa na maji ya chumvi mwaka mzima, na inahitaji kusuguliwa tu. Jasho la mkono wako halijafika huko. Kinachobaki ni mng'ao, na kweli 904L ikisuguliwa ina mng'ao wa kipekee. Unalipia mng'ao, usidanganyike unalipia uhai. Mikwaruzo inapata kama chuma kingine chochote.

Maji je? Imepimwa kwa kina cha meta 300. Mimi kina changu kirefu ni ufukweni Raskazone, kwetu Tanga, maji yakijaa.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawapendi kulizungumza. Nilimpelekea fundi saa mmoja wa Ngamiani, hapo Tanga, mzee aliyeketi kwenye baraza lile lile tangu mimi navaa kaptula za shule. Nilitaka tu aitazame. Baada ya shikamoo akaivuta lenzi yake jichoni, akaizungusha, akasikiliza, akanirudishia. "Hii siifungui, mwanangu. Kuifungua naweza. Nikishaifungua nikakuta kitu kimekufa, kipuri nitakitoa wapi?"

Yuko sahihi. Vipuri vya Rolex haviuzwi kwa kila fundi. Kiwanda kinawapa mafundi wake walioidhinishwa. Hata kifuniko cha nyuma kinahitaji ufunguo maalumu. Kiwanda kinashauri saa ifanyiwe huduma kamili kila baada ya miaka 10 hivi, na gharama ya huduma hiyo inaweza kukununulia simu nzuri. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya bei, weka na hii, pamoja na nauli na bima ya kuituma inakokwenda. Saa ya Seiko yenye mashine ya 4R36, ile ya springi ya kawaida, mzee yule yule anaifungua asubuhi na jioni unaivaa.

Halafu kuna hadithi ya "uwekezaji". Hii inanikera. Kila kijana aliyenunua saa ya gharama atakwambia ameweka akiba mkononi. Haya, tuweke. Milioni 18 na nusu za mwaka 2020 ungeziingiza kwenye hatifungani ya Serikali ya miaka 20, iliyokuwa na riba ya asilimia 15.49, ungepokea zaidi ya shilingi milioni 2 na laki 8 kila mwaka, na mtaji wako upo pale pale. Submariner haijawahi kunipa hata nauli ya daladala. Bei za zilizotumika zilipaa sana hadi mwanzoni mwa 2022, watu wakanunua wakidhani mlima hauna kilele, kisha zikashuka na wengi wakabaki nazo. Ninachoweza kusema kwa haki ni hiki: ukiinunua kwa bei ya duka na ukaitunza, siku ya shida utapata pesa yako yote au karibu yote. Gari haliwezi kukufanyia hivyo, wala televisheni. Lakini kutopoteza si sawa na kuzalisha.

Na wala si adimu kama wanavyotaka uamini. Makadirio ya wachambuzi ni kwamba Rolex wanatengeneza zaidi ya saa milioni moja kwa mwaka. Adimu ya kweli ni kitu kingine. Tuna ndugu Muscat, na kule utasikia habari za saa zenye nembo ya khanjari usoni, alizokuwa akiagiza Sultani Qaboos wa Oman kuwapa watu zawadi. Chuma ni kile kile na mashine ni ile ile ya wenzake, lakini wakusanyaji wanazilipia mara nyingi zaidi kwa sababu ya nembo ile na mkono ulioitoa. Yangu haina historia yoyote zaidi ya risiti.

Kuhusu kununua. Duka la kwanza nililoingia, sitalitaja wala mji wake, kijana alinitazama viatu kwanza. Akaniambia hazipo, ila kama ningependa kuanza na pete ya mke na saa ya dhahabu, "uhusiano" wetu ungekua. Nilimshukuru nikatoka. La pili, nchi nyingine, waliandika jina langu, wakachukua muda wao, na siku moja nikiwa safarini nikapata barua pepe. Sikulazimishwa kununua kitu kingine. Kwa hiyo usikubali kwamba mchezo wa kulazimishwa ndio utaratibu; ni tabia ya duka, na duka unaweza kulihama. Ila kama huna subira, bora usianze, kwa sababu ukosefu wa subira ndio mtaji wa walanguzi.

Nani nimshauri nini? Mwenye pesa ya saa hii lakini hana kiwanja, anunue kiwanja. Mwenye kiwanja, nyumba, ada za watoto zimelipwa na bado inabaki, aende kwa amani. Mwenye hamu ya saa nzuri ya springi asiyetaka kulipia jina, atazame Tudor Black Bay Fifty-Eight: ni ndugu wa Rolex, ina milimita 39, inakaa na mwendo karibu saa 70 vile vile, inastahimili meta 200, na bei yake ni karibu nusu. Niliivaa ya chifu injinia wetu kwa siku nzima bandarini na kwa kweli mkono wangu mwembamba uliipenda kuliko yangu. Kufuli lake tu ndilo lilinirudisha kwenye Submariner.

Ukiamua kununua iliyotumika, usinunue kwenye kibaraza cha mtu unayemjua kwa jina la utani. Feki za siku hizi ni nzito, zina kioo cha yakuti, na mshale wa sekunde unateleza kama wa orijino. Tazama pete ya ndani, chini ya kioo: neno ROLEX limechongwa kuzunguka, na upande wa chini kabisa kuna namba ya saa. Ilinganishe na iliyo kwenye kadi ya dhamana ya saa. Zungusha pete ya nje. Inakwenda upande mmoja tu, mibofyo 120 kwa mzunguko, na haichezi katikati ya mibofyo. Vuta reli ya kufuli uone kama inateleza laini au inakwaruza, maana feki nyingi hushindwa hapo. Kisha mwambie muuzaji mnaipeleka pamoja kwa fundi aliyeidhinishwa, kwa gharama yako. Akianza kuwa na haraka, mrudishie saa yake.