Programu ya Simu ya Kupimia Mkunjo wa Viungo: Yafaa kwa Goti, Si kwa Shingo

Programu ninayoizungumzia ni ya bure, nayo tunaitumia katika chumba cha fiziotherapia hapa Moshi, hasa kwa majeruhi wa bodaboda ambao magoti yao yamekakamaa baada ya kufungwa hogo kwa muda mrefu. Inategemea kihisi cha simu kinachotambua uelekeo wa mvutano wa dunia: mgonjwa akiwa amelala chali, unaweka simu juu ya paja, unabonyeza sifuri, kisha unaihamishia kwenye muundi, na kioo kinakuonyesha nyuzi za mkunjo papo hapo. Goti zima hukunjika hadi nyuzi 135 hivi. Mwenye nyuzi 90 anakaa kitini vizuri, lakini choo cha kuchuchumaa bado kitamshinda.

Kwa goti lililovimba naipenda kuliko goniometa ya plastiki (kipimapembe cha viungo chenye mikono miwili), ambayo hukulazimu kupapasa kitovu cha kiungo kabla ya kunyoosha mikono yake miwili. Kifundo cha mguu nacho hupimika vyema, mgonjwa akisimama mbele ya ukuta na kusukuma goti mbele bila kunyanyua kisigino.

Kinachoharibu vipimo, kwa kawaida, ni uwekaji. Kava nene lenye pete ya kushikia huinamisha simu, na ukingo wenye vitufe vya sauti haulali sawasawa kwenye ngozi; kwa hiyo tunavua kava, tunatumia ukingo mtupu na kuweka alama ya kalamu mahali pa kupimia, ili atakayepima wiki ijayo asibahatishe. Desimali inayochezacheza kwenye kioo ni pambo tu, kwani hata kwa goniometa, tofauti ya nyuzi 5 kati ya kipimo kimoja na kingine haitoshi kumwambia mgonjwa kwamba amepata nafuu.

Kugeuza shingo ukiwa umekaa ni habari nyingine. Mwendo huo ni wa mlalo, mvutano wa dunia hausaidii, hivyo programu hugeukia dira ya simu, ambayo huyumbishwa na chuma cha kitanda kilicho karibu. Vidole vya mkono usivijaribu kabisa, maana simu ni pana kuliko kiungo chenyewe. Kero iliyobaki ni matangazo, ambayo hujitokeza juu ya namba wakati mgonjwa ameuma meno akisubiri umwachie mguu.