Muscadet: usiufungue kabla chakula hakijafika mezani

Mtu akiniuliza kama Muscadet ni mvinyo mzuri, namwuliza kwanza anakula nini. Ukiunywa bila chakula, umekaa zako sebuleni unatazama televisheni, utahisi umepunjwa hata kama umelipa euro nane tu. Hauna manukato ya kukushtua, utamu haupo kabisa, na rangi yenyewe imepauka. Mdogo wangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga alipiga funda moja akakunja uso: "Dada, hii si siki hii?" Nikamwekea mbele sahani ya samaki wadogo wa kukaanga, wakavu, waliokolea chumvi. Swali halikurudi, na chupa ikaisha sijui saa ngapi.

Naishi Nantes, magharibi mwa Ufaransa, mji ambao mto Loire unaupitia ukielekea kumwagika Atlantiki. Mashamba ya Muscadet yako upande wa kusini-mashariki, mwendo mfupi tu wa gari. Zabibu kuu inayotumika ni melon de Bourgogne. Baridi kali ya mwaka 1709 iliteketeza mizabibu mingi ya huku, na wakulima wakaikazania hii kwa kuwa inastahimili jalidi. Waholanzi nao, waliokuwa wakinunua mvinyo mweupe wa kutoneshea pombe kali, walikuwa na haja nayo. Ni zabibu iliyopendwa kwa ugumu wake, harufu haikuwa hoja. Kwa hiyo anayeulaumu kwa kutonukia kama mvinyo wa Sauvignon, zabibu yenye harufu kali, anaulaumu bure.

Ninaousifia hapa ni ule ulioandikwa Muscadet Sèvre et Maine, na chini yake maneno sur lie, yaani "juu ya mashapo". Usipoyaona hayo mawili ya mwisho, rudisha chupa kwenye rafu. Mvinyo wa namna hiyo ukishachachuka haupakuliwi haraka. Hukaa msimu mzima wa baridi juu ya mashapo ya hamira yake hadi siku ya kutiwa chupani. Hapo ndipo unapopata unene kidogo, na ladha ya mbali ya ukoko wa mkate. Pia hubakiwa na gesi kiasi. Mimina taratibu utazame: vipovu vichache vinang'ang'ania ukuta wa glasi, kisha vinatoweka. Ukionja, ncha ya ulimi inachomwachomwa, linakuja tofaa bichi, halafu ndimu, na mwisho kabisa chumvichumvi, kama umelamba midomo baada ya kuogelea baharini.

Sasa chakula. Chaza kwanza, maana hapa ndipo mvinyo huu hauna mpinzani. Katika soko la Talensac chaza huuzwa kwa namba, na namba ikiwa ndogo chaza ni mkubwa. Mimi huchukua namba 3. Ukishawafungua, mwaga yale maji ya kwanza, subiri kidogo watoe mengine, kisha kula bila kuongeza kitu. Wapo wanaowanyunyizia siki yenye vitunguu vilivyokatwakatwa. Ni haki yao, lakini glasi ya Muscadet ikifuata hapo haina kazi tena; uchachu wote umeshatangulia.

Kome nao wanauridhia sana. Mama mkwe wangu huyeyusha siagi sufuriani, anatia vitunguu vidogo, anamwaga glasi nzima ya mvinyo uleule, kisha anafunikia kome mpaka waachame, dakika chache tu. Glasi ya pili ni ya mpishi. Na wenyeji wa Nantes wana mchuzi wao wa siagi, beurre blanc, wa kumwagia samaki wa mtoni: siagi nyingi mno kwa macho yangu, lakini funda moja la Muscadet linausafisha mdomo, unarudi sahanini kwa hamu.

Kwa mapishi ya nyumbani kwetu matokeo ni mchanganyiko. Kamba wa kuchoma, ngisi wa kitunguu saumu, changu wa kukaanga: vinakubali bila ubishi. Samaki wa kupaka na pweza wa nazi, hapana. Tui linaufunika mvinyo ukawa kama haupo, na pilipili inaupandisha ukali. Siku za nazi hununua Vouvray yenye utamu kidogo, inayotoka juu zaidi kwenye mto huuhuu wa Loire. Zabibu yake ni Chenin, ambayo hata Dodoma inalimwa, kwa hiyo msomaji wa Tanzania asiyetaka kuagiza mbali ana pa kuanzia. Nyama nyekundu usithubutu. Jibini la mbuzi, ruksa.

Malalamiko yangu ni mawili. Chupa za bei ya kutupa huwa nyepesi, zina uchachu mtupu unaokwaruza tumbo. Na mikahawa mingi huuleta ukiwa baridi kupita kiasi, huonji kitu. Utoe kwenye friji robo saa kabla ya kula.

Ukiwa na euro kumi na tano au zaidi, tafuta zenye jina la Clisson, Gorges au Le Pallet, vijiji vilivyotambuliwa rasmi kwa daraja la juu mwaka 2011. Hizo hulazwa juu ya mashapo zaidi ya mwaka na huvumilia kuwekwa kabatini. Clisson ipeleke kwa kuku wa krimu na uyoga. Chaza itawazidi nguvu.